Pedi Isiyotogwa

Haji alinijia mzima mzima, mkono wa breki umelala juu ya mpini kama shingo ya kuku aliyechinjwa. Alikuwa anapiga kelele ndani ya helmeti, mimi naona kioo tu kikijaa ukungu wa pumzi zake. Baadaye aliniambia alikuwa anasema, "Mama, toka!" Nitoke niende wapi? Nyuma yangu nguzo ya umeme iliyovishwa godoro la hoteli, kushoto ukuta wa duka la tofu, kulia ndiyo hiyo barabara anayokuja nayo. Mkononi nilikuwa na bendera ya njano. Nikaitikisa. Hadi leo sijui nilidhani bendera itamsaidia nini mtu asiye na breki.

Akalipiga godoro. Katikati yake na godoro nilikuwepo mimi, si mwili wote, mguu wa kushoto tu kuanzia nyonga kushuka.

Mtu wa kwanza kuniinamia alikuwa Kombo, aliyetuleta pale. Niko chini, kiatu changu kiko ng'ambo ya barabara na sina uhakika kama mguu haumo ndani yake, halafu mwanamume mwenye ndevu zilizochongwa ananiuliza kwa sauti ya upole:

"Da Saumu, zile pedi ulizikaza vizuri?"

Hapo ndipo kazi yangu ya miaka yote ilipoishia, kwenye hilo swali. Naandika haya kulijibu, halafu na mimi niulize la kwangu.

Nawaandikia nyie wanunuzi wapya wa spea mnaofika Guangzhou na begi moja la mgongoni, mnadhani kazi yenyewe ni kupiga picha bidhaa na kuituma nyumbani. Mimi nimestaafu. Hakuna aliyenikatia keki. Kazi yetu ni ya miguu, na wangu mmoja una chuma kirefu ndani, na chumba changu kiko ghorofa ya sita kwenye jengo lisilo na lifti, kwa hiyo mambo mengi yamejiamua yenyewe. Shule nilifika darasa la saba, nalo nililimaliza kwa kusukumwa. Basi msinitafutie makosa ya mkato na nukta. Majina nitayataja kama yalivyo.

Nilikuja huku kwa nguo. Dada yangu alikuwa na duka la madera Tanga, akanituma soko la nguo la Shahe nimchagulie mzigo. Aliyefika Shahe anajua: alfajiri mikokoteni inakupiga visigino, wachuuzi wanarusha mafurushi juu ya kichwa chako, ukiuliza bei ya gauni moja unafukuzwa kama mbwa. Nikavumilia. Kilichonitoa kwenye nguo ni ujumbe wa mteja mmoja wa Buguruni, aliyepewa namba yangu na dada. Aliandika: "Nitafutie pedi nzuri, za kudumu, katoni mbili."

Nikamtafutia. Nilichagua kwa moyo, laini, zenye mabawa, zinazonyonya vizuri. Mzigo ulipofika akanipigia.

"Dada Saumu, umeleta nini?"

"Pedi, kaka. Kama ulivyosema."

"Dada yangu, mimi nina duka la spea. Pikipiki zangu hazijaanza kuvunja ungo."

Alicheka yeye kwanza, nikacheka na mimi, halafu nikaenda kujifunza pedi ya breki ni kitu gani. Ndivyo nilivyoingia kwenye spea. Hakuna aliyenishauri wala aliyeniota.

Aliyenifundisha ni Mzee Luo. Alikuwa na kibanda mwisho kabisa wa soko la spea, pale ambapo taa za korido zimeungua na hakuna anayezibadilisha. Hakuuza kitu cha maana. Alikuwa fundi, watu wanamletea vitu vya kukagua. Kichina changu kilikuwa cha kuombea maji, na yeye hakupenda kuongea hata hicho chake, kwa hiyo tulielewana haraka.

Alinifundisha kwamba pedi ina mfupa na nyama. Mfupa ni kile kibati cha nyuma. Nyama ni kile cheusi kinachosugua diski. Mchoro kwenye boksi hauna kazi, simba, tai, mwali wa moto, yote kelele. Kitu ni pale nyama inaposhikana na mfupa. Unaipiga kidogo kwa nyundo ndogo na kusikiliza, ikilia kama sahani ni nzima, ikitoa sauti ya gome bovu iweke chini. Unaipasha kwenye jiko la koili hadi itoe moshi, unainusa. Unaiacha ipoe, unaipiga tena, maana nyingi hudanganya zikiwa baridi na husema kweli zikishaungua. Watu wengi nawajua hivyo hivyo.

Halafu akanifundisha kutoga. Neno ni langu, yeye alionyesha kwa mikono tu. Sampo, yaani ile ya mfano unayopewa kabla ya kuagiza mzigo, ukishaikagua ukaikubali, unachukua tupa ya pembe tatu, unaikata mfupa kwenye kona mara mbili, alama ndogo ambazo kidole kinazipata hata gizani. Nikamwambia, kwetu mtoto wa kike akitogwa masikio ni wa kwao, haibiwi wala habadilishwi. Mzee Luo akatikisa kichwa kana kwamba hayo niliyomwambia yeye ndiye aliyeanza kuyasema.

Kwa nini utoge? Kwa sababu ya ugonjwa wa mji huu, nao mtauona wenyewe. Sampo na mzigo si ndugu. Sampo inatengenezwa na fundi bora wa kiwanda, kwa malighafi bora, mwenye kiwanda amesimama pembeni. Mzigo unatengenezwa ukiwa umeshaondoka. Ukimrudia laoban, yaani huyo tajiri wa kiwanda, anakuambia "chabuduo," maana yake zinakaribiana, usisumbue. Neno hilo limewavunja mifupa watu wengi kuliko pikipiki zenyewe. Basi sampo yako iliyotogwa ndiyo shahidi wako. Unaiweka mezani unasema, niliomba hii, hii hapa, nayo ina masikio.

Miaka imepita hivyo. Nimetoga za watu wa Dar, wa Unguja, wa Bujumbura. Sitawachosha.

Kombo alikuja kwangu mwaka jana, mvua zinaanza. Mpemba, mtanashati, mtu wa kuingia mahali akasalimia hadi mlango. Alikuwa ameanzisha pedi zake mwenyewe, boksi jekundu lenye ngumi, anataka kuziuza nyumbani kwa vijana wa bodaboda. Mimi ndiye niliyemchagulia sampo kwa laoban mmoja aitwaye Peng. Mpaka hapo hakuna ugomvi.

Akakaa kwenye kiti changu pekee, akasema, "Da Saumu, nnataka tuingie mashindano."

"Ya nini?"

"Ya pikipiki. Mbio hasa. Kuna mji wa milimani huko juu, wanafunga barabara ya watu siku mbili, kuna daraja la wanaoanza, wageni tunaruhusiwa. Mpwa wangu Haji ataendesha. Wewe utaitengeneza."

"Haji yupi? Yule mwanafunzi?"

"Huyo huyo. Keshapata na leseni ya kushindana."

"Anasomea nini vile?"

"Uhasibu," akasema Kombo, kama mtu anayesema urubani.

Nikamuuliza anataka nini kwenye mbio. Akasema anataka jina. Kijana wa bodaboda akiona pedi ya ngumi imeshuka mlima wa China kwa kasi ile, atanunua nyingine? Hapo sikuona ubaya. Nilimwambia sharti moja, kinachofungwa kwenye ile pikipiki kinapita mkononi kwangu. Akasema, "Wewe ndiye mwenye mamlaka." Yashikeni maneno hayo.

Sasa mjue tulivyokuwa tukiandaa pikipiki ya mbio katika mji ambao pikipiki ya petroli ukiiwasha mtaani unaipoteza. Guangzhou zinapita za umeme tu, kimya kama paka. Ya kwetu, ya cc mia mbili hamsini, tuliisukuma, tukaipandisha lifti ya mizigo ikiwa imefunikwa shuka, mlinzi akauliza ni nini, Haji akasema jokofu. Jokofu lenye vioo vya pembeni. Mlinzi akasema sawa.

Na kila tulichohitaji kilikuwa kimoja. Hapa ndipo watu wa biashara tulipojifanya wajanja. Guangzhou hakuna mtu anayekuuzia kimoja. Ukiomba mnyororo mmoja, "meiyou," hakuna. Tairi jozi moja, meiyou. Kwa hiyo tulifanya tunachofanya siku zote. Tulisema ni sampo. Tukipenda tutaagiza mia tatu. Ghafla kila kitu kipo, na kizuri, kinaletwa na chai. Pikipiki ile yote ilikuwa sampo, kuanzia tairi hadi waya wa klachi. Nasema kweli, sijawahi kuona pikipiki ya Kichina iliyoungwa vizuri namna ile, kwa sababu hakuna aliyewahi kuijenga kwa sampo tupu.

Suti ya ngozi nusura itushinde. Tulikwenda Kangle, kwenye vile vichochoro wanavyoshona magauni usiku na mchana, tukazunguka hadi viatu vikalia. Fundi mmoja wa majaketi akasikiliza.

"Jaketi limeungana na suruali?"

"Ndiyo."

"La nani?"

Nikasema, "Sampo tu. Likikubalika, mia tatu."

Alishona vizuri, mishono miwili miwili, sponji magotini na viwikoni. Ila kwa kuwa aliyeagiza ni mwanamke, alituwekea mgongoni ua la waridi la kufuma, kubwa, jekundu, bila kuulizwa. Haji alipoliona alikaa chini.

"Mama, mimi siwezi kushindana na ua."

"Litakuwa nyuma," nikamwambia. "Watakaoliona ni uliowapita."

Kombo akasema lifunikwe stika ya ngumi. Stika haikushika kwenye uzi. Ua likabaki.

Pedi nilizichukua mwenyewe kwa Peng, za mbele na za nyuma, zile zile za sampo nilizozichagua mwanzo. Nikazipeleka kwa Mzee Luo. Tukazipiga, tukaziunguza, tukazitia kwenye mafuta, tukazipiga tena. Zikalia kama sahani. Nikazitoga zote, kila mfupa alama mbili kwenye kona.

Kuzizoesha diski tulikwenda Nansha, kwenye yadi ya kontena ya msafirishaji mmoja tunayefahamiana naye, Ijumaa mchana wenzake wakiwa wamepumzika. Pedi mpya haina breki. Lazima iivae diski yake taratibu, unakwenda unashika, unakwenda unashika, hadi nyama ilale sawasawa. Nilichora mstari kwa chaki mbele ya kontena la bluu, nikamwambia Haji asimame hapo bila kuliogopa kontena. Mara ya kwanza alisimama mbali kama mtu anayedaiwa. Jioni alikuwa anasimamisha tairi juu ya chaki.

"Mama, hii inashika kama imesikia!"

"Usiisifie. Nenda tena."

Kombo alikuwepo, anapiga picha. Nilimweleza mbele ya Haji, kwa Kiswahili kisicho na kona: "Hizi zimetogwa na zimeshazoea. Asiziguse mtu. Hata boksi lako likiwa zuri vipi." Akacheka, "Da Saumu, mimi n'ziguse kwa nini? Mie nnajua hata spana inashikwa wapi?"

Tulifika ule mji siku moja kabla. Barabara yenyewe ni ya watu tu, inapanda mlima, inapita kituo cha basi, shule, maduka, inashuka tena. Kwenye nguzo wamefunga magodoro. Mimi na Haji tuliitembea yote kwa miguu, na hili wajifunze wanaotaka mbio za namna hii: barabara ya watu haikutengenezwa kwa ajili yako. Ina vifuniko vya mitaro vilivyong'aa kama kioo. Ina michoro myeupe ya wavuka kwa miguu, ikilowa ni sabuni. Katikati imenyanyuka ili maji yatiririke, kwa hiyo kona moja inakusukuma nje na nyingine inakuvuta ndani. Nilimfanya Haji aishike kwa alama: hapa kwenye bango la meno unaachia gesi, hapa kwenye mti wenye taulo unashika breki, hapa duka la tofu unakunja kushoto.

Kwenye duka la tofu mama mwenye duka alitoka, akaonyesha ukuta wake, akaonyesha pikipiki zilizochorwa kwenye bango, akauliza ukuta ukivunjwa nani atajibu. Nikamwambia hautavunjwa. Mama yule ndiye mtu pekee katika mashindano yote yale aliyeuliza swali la maana.

Mkaguzi naye alikuja jioni. Kijana wa kamati, kofia nyeupe, tochi shingoni. Akaitazama helmeti, akabonyeza honi, tulikuwa hatujaitoa, ikalia. Akabandika stika ya kupita. Nikamwambia nataka aangalie breki, na aweke lakiri ili zisifunguliwe hadi mbio ziishe. Akaitikisa tairi ya mbele mara moja. "Chabuduo," akasema, akaondoka. Huyo ni wa pili kwenye orodha yangu ya wenye kujibu, baada ya Kombo, jina lake silijui, lakini akiisoma hii, na kofia yake, atajijua.

Asubuhi ilikuwa zamu ya kujipima, kabla ya mbio zenyewe. Kila timu ilitakiwa itoe mtu mmoja asimame konani na bendera. Timu yetu ilikuwa watu watatu. Haji anaendesha. Kombo lazima aonekane hemani. Nikavaa kizibao cha njano, nikapangiwa kona ya tofu. Barabara ikishafungwa huvuki wala hurudi hadi zamu iishe, na waliifunga mapema. Kwa hiyo tangu nilipoondoka hemani, mikono yangu haikuigusa tena ile pikipiki. Mashahidi ni mama wa tofu na vikongwe wake waliokaa kwenye vigoda wakila lychee na kutupa maganda barabarani, nami nayaokota.

Haji alipita mara ya kwanza akinipungia. Mara ya pili nikaona anashika breki mapema mno, mbali, kabla ya mti wenye taulo. Nikasema moyoni, mtoto ameingiwa na woga. Mara ya tatu hakushika kabisa.

Mengine nimeshayasema.

Haji alivunjika bega na mkono. Suti haikuchanika, ua liko zima hadi leo. Sampo.

Hospitali muuguzi alinipa mfuko wa vitu vyangu: tasbihi, simu iliyopasuka, kizibao. Kwenye mfuko wa kizibao kulikuwa na kitu kizito. Nilikitoa. Kilikuwa mfupa wa pedi, kibati kitupu, kimepinda kidogo, nyama haipo kabisa. Baadaye nilipata habari kwamba kalipa, lile taya linalobana diski, lilipasukia kwenye nguzo, na mama wa tofu aliokota kibati karibu na mkono wangu, akakitia mfukoni akidhani ni changu.

Nililala chali nikapitisha kidole gumba kwenye kona. Kona ya kwanza, laini. Ya pili, laini. Nikazunguka zote nne, nikarudia, kama mtu anayejipapasa shingoni kutafuta kidani ambacho keshajua kimeibwa. Laini kote. Nyuma yake imegongwa muhuri wa ngumi.

Sampo zangu hazikuwa na ngumi. Ngumi iligongwa kwenye mzigo.

Mzee Luo alikuja na machungwa. Nilimpa kibati. Alikipeleka dirishani, akakisogeza karibu na jicho.

"Gundi imepakwa kandokando," akasema. "Katikati hakuna. Ikipata moto, inaachia."

"Umeona kona?"

"Nimeona." Akanirudishia kibati. "Huyu si mtoto wako."

Peng nilimpigia simu kutoka kitandani. Mtajwa wa tatu. Alianza na meiyou, hajui, hana habari. Nilipomtajia gundi alikasirika kana kwamba nimemwonea.

"Pengyou, rafiki yangu, sampo ulichagua wewe. Mzigo alichagua Kombo. Yeye ndiye alisema gundi ipungue."

"Na wewe ukapunguza?"

"Mteja kasema."

Halafu nikamtafuta Haji, yuko bwenini na mkono shingoni. Alipokea.

"Haji, mwanangu. Nilipokwenda konani, nani alifungua breki?"

"Mama, yule ni mjomba."

"Sijakuuliza ukoo wenu. Nimekuuliza spana."

Akavuta pumzi. "Alitaka video. Afungue boksi, atoe pedi, azifunge mwenyewe, mbele na nyuma. Ili watu waone ni zile zile zilizomo kwenye kontena lake la kwenda nyumbani. Mimi nilishika simu. Nikamwambia mjomba, tukimaliza turudishe za Bi Saumu, akasema muda hautoshi, wanatuita."

"Alizikaza?"

"Alizikaza, Wallahi. Bolti hazikuwa na shida. Mzunguko wa kwanza zilishika kidogo, wa pili zikawa kama sponji. Wa tatu mkono ukaja wote."

"Video iko wapi?"

"Aliifuta, mama. Tukiwa kwenye gari la wagonjwa." Akaanza kulia. "Mama, usinitaje."

Simtaji kwa ubaya. Aliteremka ule mlima bila breki, na alichopigia kelele ni mimi nitoke. Lakini kijana wa uhasibu anajua kwamba kitu kikifutwa upande mmoja lazima kionekane upande mwingine. Kimeonekana kwangu.

Sasa sikilizeni alichofanya Kombo. Kwenye lile kundi letu la simu la wafanyabiashara, mnalolijua wote, alituma sauti. Taratibu, na bismillahi mwanzoni. Akasema dada yetu Saumu ni mtu mzima, mikono imechoka, siku ile alisahau kukaza bolti, ni ubinadamu, yeye na familia wameshamsamehe.

Wamenisamehe!

Mkajaza mikono ya dua chini yake. Nyie nyie niliowapeleka sokoni mara ya kwanza nikiwashika mkono wa shati msipotee. Wengine mkanipigia: "Da Saumu, mshukuru Mungu uko hai, yaache." Mungu namshukuru, hilo halihitaji kikao. Lakini kuacha nini? Mnadhani nagombea jina langu tu. Jina ni langu na nalitaka, ndiyo. Ila angalieni mbele kidogo. Kama kosa ni la mkono wangu, basi pedi ni nzima, na kontena la Kombo, lililoondoka Nansha mimi nikiwa bado nafundishwa kukaa kitandani, lina haki ya kufunguliwa na kuuzwa. Kama kosa ni la gundi, kila boksi jekundu ndani yake ni kona ya tofu nyingine, na huko nyumbani nguzo hazivishwi magodoro. Kijana wa boda ana abiria nyuma, abiria ana mtoto mgongoni. Hao hawakujiandikisha kwenye mbio zozote.

Kwa hiyo nyie mlio Dar na Unguja mkipokea katoni zenye ngumi, msimwamini yeye, wala msiniamini mimi. Toeni pedi moja. Iwekeni jikoni hadi itoe moshi, iacheni ipoe, igongeni kwa nyundo ndogo. Mtasikia wenyewe.

Na wewe Kombo, najua unasoma, maana simu yangu inanionyesha. Mkaguzi wa kofia nyeupe ana lake la kujibu, Peng ana lake. La kwako ni dogo kuliko yote. Kibati ninacho, kiko chini ya mto wangu, njoo na kidole chako. Ghorofa ya sita, miguu yako mizima. Kaa kwenye kile kile kiti, mbele ya Haji, mbele ya Mzee Luo, upitishe kidole kwenye kona zote nne, useme kwa sauti kama uliyotuma kwenye kundi.

Msamaha sikukuomba. Nimekuuliza swali: imetogwa, haikutogwa?